Kalamu ya Christa Haipandi Mlimani

Jumapili, tarehe 9 Juni 2024. Asubuhi hiyo anga lilikuwa jeupe kwa vumbi la kiangazi, upepo wa ziwani ulikuwa na ubaridi, na milima ya Congo ng'ambo haikuonekana kabisa. Tulikwenda kanisani kwa miguu, kwa sababu mafuta yalikuwa yamekosekana tena mjini na mabasi machache yaliyopita yalikuwa yamejaa hadi mlangoni. Mimi nilitangulia na Biblia yangu. Nyuma yangu alikuja Christa, mtoto wa marehemu dada yangu, pamoja na baba yake, Gaspard, ambaye ni shemasi wa kanisa letu hapa Jabe.

Baada ya mahubiri alisimama Mama Concilie, mkuu wa waombezi. Ni mwanamke ninayemheshimu. Nilipofika Bujumbura kutoka Bukavu nikiwa na furushi moja na homa, yeye ndiye aliyenipokea, akapiga magoti kando yangu, akanifundisha kuomba kwa maneno yangu mwenyewe. Ana sauti ambayo watoto wakiisikia wanaacha kulia.

"Watoto wetu wa terminale, simameni," alisema.

Wakasimama wale wa mwaka wa mwisho wa sekondari. Christa naye akasimama.

"Mutihani wa taifa umekaribia. Jumatatu ya juma lijalo tunapanda nao mulimani, kama kila mwaka. Juma zima. Mufungo mukavu, maji jioni tu. Kalamu zao tutazibeba ndani ya kikapu, tutazipaka mafuta. Na kule juu Bwana atatuonyesha kila mutoto aingie fakilte gani ya chuo. Amina?"

"Amina!" kanisa likajibu. Gaspard alijibu kwa sauti kuliko wote.

Christa aliketi, akaniinamia sikioni. "Mama mudogo, juma hilo ni la fizike."

Nilijua. Mpango wa kusoma tulikuwa tumeutengeneza pamoja tangu mwanzo wa mwaka, nami nilikuwa nimeukariri kama zaburi.

Inanipasa nieleze. Mimi nauza vitenge katika soko la Jabe. Shule niliiacha nikiwa mtoto, darasa la nne, na sasa, nikiwa na mvi, nimerudi kusoma jioni katika chumba kimoja kule Buyenzi. Tuko mafundi wa garage wenye mafuta meusi kwenye kucha, akina mama, na mzee mmoja anayetaka kujisomea Injili ya Yohana kabla hajafa. Mwalimu wetu, Léonce, ni kijana anayesoma uhandisi chuo kikuu. Nilimwomba amruhusu Christa akae dawati la nyuma wakati sisi tunahangaika na sehemu na desimali, kisha tukimaliza amsaidie. Alikubali. Walichora mpango mgongoni mwa kalenda ya zamani, tukaubandika ukutani nyumbani: kemia kwanza kwa sababu inahitaji kukaririwa polepole, hesabu kila siku bila kuruka, na juma la mwisho liachiwe fizike peke yake, kwa kuwa huko ndiko alama zake zilikokuwa zinapotelea.

Jumamosi moja Léonce alitupeleka kuona chuo. Tulizunguka kuta, tukachungulia ukumbi ambamo viti vinapanda kama ngazi. Nilimuuliza maswali mengi hadi Christa akanivuta kitenge. Wanakula nini? Wasichana wako? Mtu akishindwa mwaka wa kwanza anafukuzwa au anarudia?

"Mama Nsimire," Léonce alisema akicheka, "ungekuwa mwanafunzi wangu wa chuo ungenimaliza. Wasichana ni wachache, ila wapo. Mwaka wa kwanza ni hesabu na fizike, wengi wanarudia, si aibu." Kisha akamgeukia Christa. "Siku ya kuchagua fakilte, andika kwanza kile unachokitaka kweli. Usianze na kile watu wanachokitaka."

Christa anachokitaka ni maji. Rafiki yake alikuwa anakaa Kibenga, kando ya ziwa, na ziwa lilipopanda, Christa alikwenda kumsaidia kuhamisha vitu. Aliona maji yakiingia sebuleni kwa kutokea chini, kati ya vigae, mlango ukiwa umefungwa na mifuko ya mchanga imepangwa vizuri nje. Alirudi nyumbani hakula. Alisema tu, "Walipanga mifuko mahali maji hayakupitia." Tangu siku hiyo anasema atakuwa ingénieur, mhandisi wa maji, na mimi kila asubuhi namwombea hivyo hivyo, kwa jina hilo hilo.

Sasa turudi kwenye Jumapili ile. Tunaishi ua mmoja, Gaspard na Christa mbele, mimi chumba cha nyuma. Mchana tulikaa kula bugali na maharage. Nilisubiri Gaspard ashibe kidogo.

"Shemeji," nilimwambia, "naomba Christa abaki."

"Abaki wapi?"

"Hapa. Asome. Ale."

Gaspard aliacha tonge mkononi. "Shemeji, mi ni shemasi. Mutoto wa shemasi abaki chini anakula bugali, wenzake wako juu wanalia mbele ya Mungu? Watu watasema nini?"

"Watasema anakula bugali."

Christa alicheka, akaziba mdomo haraka.

"We usicheke," baba yake alimwambia. "Na we shemeji, juzi tu umeanza kusoma na wenye garage, tayari unataka kunifundisha Mungu?"

"Mungu sikufundishi. Nakuambia habari za njaa. Unajua Jumatano nafunga. Jumatano jioni Léonce akiandika sehemu ubaoni, naziona zinaogelea. Alhamisi nikiwa nimekula, sehemu zile zile zimetulia."

"Hizo ni akili za uzee."

"Haya. Eddy naye alikuwa mzee?"

Gaspard alilirudisha tonge sahanini. Eddy ni kijana wa kanisa letu, alikuwa wa kwanza darasani mwake. Mwaka uliopita alishuka mlimani jioni, kesho yake akaingia kwenye mtihani, na katikati ya karatasi ya fizike alilaza kichwa juu ya meza kama mtoto anayelala. Walimtoa wamembeba. Waombezi walisema kulikuwa na dhambi aliyoificha, ndiyo maana mafuta hayakushika kwenye kalamu yake. Siku hizi Eddy anauza vipuri Buyenzi, na kanisani anakaa benchi la mwisho, karibu na mlango.

"Akibaki na akaanguka," Gaspard alisema, "nani atabeba?"

"Mimi."

"Kubeba kwa mudomo ni rahisi." Alinawa mikono. "Mama yake angekuwa hai angempeleka mwenyewe. Jumatatu ile anapanda. Nimemaliza."

Niliumia kwa sababu alimtaja dada yangu. Dada yangu angemfungia Christa chakula ndani ya majani ya mgomba na kumfuata nacho hadi mlangoni mwa mtihani. Nilikusanya sahani.

Kesho yake nilifika sokoni kabla ya wateja. Nilipiga magoti kati ya marobota ya vitenge, kwenye vumbi. Nilisema: Bwana, mimi sikatai kufunga, unanijua. Nakataa mtoto huyu achukuliwe nguvu zake siku anazozihitaji, kisha akianguka waseme ni Wewe uliyemwangusha. Nionyeshe nipite wapi. Hakuna sauti iliyokuja. Ilikuja kumbukumbu tu, ya Mama Concilie mwenyewe akitufundisha miaka ile: muombezi ni mtu anayesimama mahali pa mwingine. Alikuwa akilisema hilo akigonga kifua. Nilinyanyuka, magoti yote meupe, nikaenda kumtafuta.

Mama Concilie anauza ndagala, dagaa wa ziwani, upande wa pili wa soko. Alikuwa anazipanga kwa vikombe.

"Nsimire! Mapema hivi? Nikupimie ndagala?"

"Apana, Mama. Nataka kupanda mulimani."

Uso wake ulifunguka. "Bwana asifiwe! Nilidhani masomo yako ya jioni yamekumaliza."

"Napanda mahali pa Christa. Mfungo wake nitaufunga mimi. Yeye abaki asome."

Mkono wake ulisimama ndani ya ndagala. "Hiyo haipo."

"Ulitufundisha wewe. Muombezi anasimama mahali pa mwingine."

"Nilikuwa nasema wagonjwa. Wafungwa. Watu wasioweza kuja wenyewe."

"Christa hawezi kuja. Ana fizike."

Muuzaji wa pembeni, mwanamke wa mawese, aliangua kicheko. Mama Concilie hakucheka.

"Nsimire, usinichezee mbele ya watu."

"Sikuchezei. Wewe ndiye ulinifundisha kupiga magoti, sitasahau. Lakini leo nimesimama."

"Na fakilte yake? Nani atapokea ufunuo wake?"

"Ufunuo gani, Mama? Mwaka jana wasichana wote walionyeshwa uuguzi. Wote. Hata Bella, anayezimia akiona kuku anachinjwa."

Mwanamke wa mawese alilazimika kukaa chini. Mama Concilie alisogea karibu yangu, akashusha sauti, na sauti hiyo ya chini ilinitisha kuliko ile kubwa.

"Sikia. Jumapili tutaita majina. Mutoto ambaye hatakuja mbele, tutamuombea kwa jina, kama mutu aliyepotea. Sitaki kufanya hivyo kwa mutoto wa dada yako. Usinilazimishe."

Nilirudi kwenye vitenge vyangu. Katika kanisa letu, mtu akiombewa kama aliyepotea, wenzake humsalimia kwa mbali. Hata kuazima chumvi kunakuwa vigumu. Na huyu ni msichana, na baba yake ndiye anayefungua milango ya kanisa asubuhi.

Jioni darasani Christa aliwaeleza wote. Sikutaka aeleze, lakini alikuwa amechoka kunyamaza. Houda, mwenzangu wa dawati, Mwislamu wa pale pale Buyenzi, aliweka kalamu chini.

"Sisi mwezi wa Ramadhani musafiri anakula, funga yake anailipa baadaye," alisema. "Mutihani si safari? Mi naona ni safari ndefu kuliko kwenda Rumonge."

"Houda, usilete fatwa hapa, tuko kwenye desimali," fundi mmoja alimjibu, darasa zima likacheka, hata Christa.

Léonce hakucheka sana. "Mambo ya kanisa siwezi kuyaingilia," alisema. "Ninachoweza ni hiki: juma la fizike, kila jioni mimi nipo hapa. Akija, tutasoma. Asipokuja, nitakaa hapa hapa nimsubiri."

Tulipokuwa tunarudi, Christa aliniuliza, "Mama mudogo, wakiita jina langu nifanye nini?"

"Ubaki umeketi."

"Na baba akiniangalia?"

"Muangalie na wewe. Ni baba yako. Miguu itakayokwenda mbele ni yangu."

Juma lile Gaspard hakuniongelesha isipokuwa salamu. Jumapili, tarehe 16, aliamka akapiga pasi shati lake jeupe, akaingia chumbani kwa Christa, akachukua kalamu ya bluu iliyokuwa juu ya meza, akaitia mfukoni. Christa alimwona, nami nilimwona. Tulitembea watatu hadi kanisani.

Kanisa lilikuwa limejaa. Kikapu cha kalamu kilikuwa mbele, kimefunikwa kitambaa cheupe, na aliyekishika alikuwa Gaspard, kwa kuwa ndiyo kazi ya shemasi; kalamu ya bluu alikuwa ameshaitia humo. Mama Concilie alianza kuita majina. Vijana walikwenda mmoja mmoja na wazazi wao, wakatia kalamu, wakapiga magoti. Nilimwombea kila mmoja kimya kimya, kwa moyo wote.

"Christa."

Christa alibaki ameketi. Niliona mikono yake imeshikana magotini. Mimi nikasimama. Nilikuwa nimejifunga kitenge cha safari na nimebeba mkeka wangu wa kulalia. Nilitembea hadi mbele, nikapiga magoti mahali pake.

Minong'ono ikaanza. Mama Concilie akanisogelea.

"Nsimire, nimeita Christa."

"Nimekuja mimi, Mama."

"We ni wa terminale?"

Watu wengine walicheka. Nilisubiri wamalize.

"Mi ni wa desimali," nilisema. "Lakini kufunga najua. Mulinifundisha hapa hapa. Kwa hiyo mfungo wa Christa nipeni mimi. Njaa yake nipeni. Kiu yake nipeni. Akili yake muiache, ana kazi nayo."

"Huwezi kubadilisha agizo la mulima!" mmoja wa waombezi alipaza sauti.

"Nani aliagiza?" niliuliza. "Nionyesheni mahali Mungu alipomwambia mtoto aingie kwenye mtihani bila kula, mimi mwenyewe nitamvuta kwa mkono."

Mama Concilie aliinua mkono watu wanyamaze. "Tulisema mutoto asiyekuja mbele tutamuombea. Kanisa, tufumbe macho. Tunamuombea Christa, ambaye..."

"Apana."

Sauti hiyo haikuwa yangu. Ilitoka nyuma. Eddy alikuwa amesimama kwenye benchi la mwisho, mkono umeshika mlango kana kwamba alikuwa tayari kukimbia.

"Apana, Mama," alirudia. "Munisamehe. Mi mulisema nilificha dhambi. Mwaka muzima natafuta hiyo dhambi. Nimetubu mpaka vitu ambavyo sikufanya." Aliuachia mlango. "Sikuwa na dhambi siku ile. Nilikuwa na njaa. Swali nililijua. Niliona herufi zinatembea, nikasema nilaze kichwa kidogo. Basi."

Hakuketi. Mama yake, aliyekuwa upande wa akina mama, alianza kulia bila kujificha, na akina mama wawili wakamshika.

Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, kwa hiyo nilichokiona kwanza ni viatu vya Gaspard. Vilisogea. Aliweka kikapu sakafuni, akafunua kile kitambaa, akatafuta kati ya kalamu zote hadi akaipata ile ya bluu. Alitembea hadi kwa binti yake, akamwekea kalamu kiganjani, akamfunga vidole vyake juu yake.

Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake ilikuwa kali, sauti ya mtu aliyeaibika mbele ya wenzake lakini hataki kurudi nyuma.

"Shemeji, mi nimefanya ya kwangu. Watu hawa wote wameona. Sasa usiniache peke yangu. Nilikuuliza nyumbani, ukanijibu kwa mudomo juu ya maharage. Nijibu hapa. Akianguka, nani atabeba? Sema wasikie."

Mama Concilie alikuwa anasubiri pia. Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini kidevu chake kilikuwa juu. "Mi sikubaliani na hili," alisema. "Mbele ya Mungu sikubaliani. Lakini ukipanda, Nsimire, nitakupokea, na utafunga kama wengine, sitakuhurumia. Sema."

Wale vijana wengine walikuwa bado wamepiga magoti, kalamu zao ndani ya kikapu, wananiangalia. Nilinyanyuka. Nilimtazama Christa, nikamtazama Eddy kule mlangoni, nikainua mkono wangu wa kuume, na nikasema kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo:

"Mimi Nsimire, naahidi mbele za Mungu na mbele yenu wote. Kesho napanda mlimani, na mfungo wa Christa nitaufunga mimi, wote, bila kuiba hata punje. Yeye atabaki chini. Atakula asubuhi, atakula jioni, atalala, atasoma fizike. Siku ya kuchagua ataandika ingénieur mahali pa kwanza, kwa mkono wake, na hakuna atakayemshika mkono huo, si mimi, si baba yake, si ninyi. Akifaulu, utukufu ni wa Bwana. Akianguka, hakuna mtu atakayetamka neno dhambi mbele yake; mtakuja kulisema kwangu, mlango wangu mnaujua. Na ataurudia mwaka, nami nitampikia uji kila asubuhi ya mtihani mpaka aingie chuo kile. Na siku yangu mimi ya mtihani itakapofika, mnisikie vizuri: nitakula kwanza, kisha nitaomba, kisha nitaingia."